Pasi ya kidijitali ya kupandia ndege

Pasi ya kidijitali ya kupandia ndege ni kibali cha abiria kinachoonyeshwa kwenye simu badala ya karatasi. Abiria hujiandikisha mwenyewe mtandaoni, kisha hupokea msimbo wa vijiraba vyeusi na vyeupe unaobeba jina lake, namba ya safari na kiti. Mashine ya mlangoni huusoma mara moja. IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, ilipitisha kiwango cha msimbo huo mwaka 2005. Shirika la ndege la Ryanair la Ireland liliachana na pasi za karatasi Novemba 2025. Kwa mfano, msafiri wa Kasulu, magharibi mwa Tanzania, hupandia ndege ya abiria Kigoma mjini, kilomita 90 hivi kwa barabara. Ni vyema aichaji simu na kuhifadhi pasi humo kabla hajaondoka nyumbani.