Stelingi Hafi, Ila Husahaulika

Tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua kanuni moja: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, ila picha likiisha yupo. Historia ya filamu za bei chee inanifundisha kanuni nyingine, chungu kidogo: stelingi hafi, ila husahaulika.

Chukua The Little Shop of Horrors ya mwaka 1960. Mwongozaji wake, Mmarekani Roger Corman, alikuta seti iliyobaki kwenye filamu nyingine, akapigia humo matukio ya ndani kwa siku 2 tu. Bajeti yote haikufika dola 40,000. Hadithi ni ya kijana wa duka la maua mwenye mmea unaokula watu. Stelingi ni Jonathan Haze. Humo ndani, kwa dakika chache, anatokea jamaa mmoja mwembamba, mgonjwa wa meno anayefurahia kuumizwa, hata ganzi hataki. Huyo ndiye Jack Nicholson.

Wakati ule nani alimjali? Alikuwa ameshacheza The Cry Baby Killer (1958), filamu nyingine ya Corman, tena yeye ndiye stelingi, na haikumsaidia kitu. Akahangaika miaka mingi mpaka Easy Rider ya 1969 ikamtoa. Sasa angalia kilichofuata. The Little Shop of Horrors haikulindwa na hakimiliki, kwa hiyo muuza kanda yeyote aliweza kuitoa. Wakaitoa na jina na sura ya Nicholson kwenye kava, kubwa kubwa. Wa dakika chache akawa mwenye picha. Haze, aliyeibeba mwanzo mwisho, akawa abiria.

Wengine nao walipita humo humo. Robert De Niro yumo kwenye Bloody Mama (1970). Sylvester Stallone yumo kwenye Death Race 2000 (1975), mwaka mmoja kabla ya Rocky. Huwa tunazisimulia hizi habari kana kwamba kila aliyepita kwa Corman alifika peponi. Tusidanganyane. Corman hakuwa anatoa sadaka. Vijana wasiojulikana walikuwa na njaa ya kazi na malipo yao yalikuwa madogo. Wao walipata shule, yeye akapata faida. Na wengi waliosoma shule hiyo hawakufika popote tunapopajua.

Ndiyo maana moyo wangu uko kwa Dick Miller. Mwaka 1959 alikuwa stelingi wa A Bucket of Blood, ambayo Corman aliipiga kwa siku 5. Anacheza mhudumu wa mgahawa anayetamani mno kuitwa msanii, hadi anaua watu na kuwafunika udongo waonekane sanamu. Na watu wanamsifu! Ni filamu kuhusu njaa ya umaarufu, na aliyeicheza vizuri namna ile umaarufu wenyewe ukampita. Aliendelea na vipande vidogo vidogo kwa miongo kadhaa. Muuza bunduki wa The Terminator (1984) ndiye yeye. Alifariki 2019. Sura yake pengine unaijua, jina ndo unalisikia leo.

Ukitaka kuanza na Corman, basi usianze na Nicholson. Anza na Miller. Filamu yenyewe ni ya saa moja na dakika chache tu.