Masta silinda ya breki

Masta silinda ni pampu inayogeuza msukumo wa mguu kuwa shinikizo la mafuta ya breki. Hufungwa mbele ya busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, chini ya kikopo cha mafuta. Ndani mna pistoni mbili zilizofuatana, kila moja na njia yake, ili moja ikivuja nyingine ibaki na breki.

Kinachokufa kwanza ni raba za pistoni. Dereva wa daladala anayepita Mkuyuni, Mwanza, kuelekea Nyegezi na Buhongwa huiona dalili yake kwenye foleni: amekanyaga pedeli, nayo inazama taratibu hadi chini, ilhali chini ya gari hakuna hata tone. Mafuta yanapita ndani kwa ndani. Yakivujia nyuma huingia kwenye busta, au hubabua rangi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Kuongezea oili ya injini ni kuua mfumo mzima, kwani raba huvimba.

Wakati wa kubadilisha masta silinda, nati za mirija hufunguliwa kwa spana yake maalumu. Spana ya kawaida hula kona. Masta mpya hutolewa upepo kwanza ikiwa imebanwa kwenye jiriwa, kisha hufuata magurudumu: msaidizi anakanyaga na kushikilia, fundi anafungua nipeli ya kutolea upepo, na pedeli haiachiwi kabla nipeli haijafungwa. Kubadilisha raba peke yake ni nafuu, ila silinda iliyoliwa na kutu itazichana tena.