Simu, bati na "sheria ya Obama"

Barabara ya Bukavu–Uvira ikimaliza kuteremka milima ya Ngomo inafika Kamanyola, kando ya mto Ruzizi. Ng'ambo ni Bugarama, Rwanda. Katika mipaka ya namna hii madini yasiyo na karatasi hayakosi njia, na Kivu, mashariki mwa Kongo, hilo halikuwa habari. Washington ndiko lilikohitaji wapiga debe.

Mwaka 2007 Wamarekani John Prendergast na Gayle Smith walianzisha kikundi cha kampeni, Enough Project. Hoja yake ilikuwa fupi: simu yako ina koltani na bati, na fedha za madini hayo zinanunulia bunduki wanaobaka na kuua Kongo. Shirika la Global Witness lilileta ripoti za uchunguzi, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaanika njia za magendo. Enough ikaongeza kejeli: mwaka 2010 ilitoa video iliyoiga matangazo ya Apple. Tarehe 21 Julai mwaka huo Rais Obama akatia saini sheria ndefu ya kurekebisha mabenki, na ndani yake, kama abiria aliyedandia, kifungu cha 1502: makampuni yaeleze kama madini yao yametoka Kongo au kwa majirani zake.

Wachimbaji wa Kivu wakaiita "sheria ya Obama".

Septemba 2010 Rais Kabila wa Kongo alisimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Uliporuhusiwa tena, wanunuzi wengi wa nje waliikimbia bati ya Kivu. Dhahabu, inayofichika mfukoni, iliendelea kuvuka mpaka.

Simulizi lililobeba kampeni lilikuwa jembamba mno. Katika bonde hilohilo la Ruzizi, Aprili 2012, mwami (chifu) wa Warundi wa huko, Ndabagoye, aliuawa. Ugomvi wa Warundi na majirani zao Wafuliru ulihusu uchifu na ardhi, si koltani.

Wenye viwanda wa Marekani walikuja kukipinga kifungu hicho kwa hesabu za gharama na mawakili. Aprili 2014 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kuilazimisha kampuni itangaze kuwa bidhaa zake hazijathibitika kuwa safi kunavunja uhuru wake wa kusema. Septemba mwaka huohuo watu 70, Wakongo na wageni, waliandika barua ya wazi wakitaka wachimbaji na jamii zao wasikilizwe. Kifungu kilikuwa kimetimiza miaka minne.