Nani Aliwaomba Ruhusa Wahavasupai?

Mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona nchini Marekani, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu alikuwa akitetea tasnifu yake kuhusu vinasaba. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Carletta Tilousi, mwanamke wa kabila la Havasupai, aliyealikwa na profesa wa chuo hicho. Naye akauliza: je, watu wa kabila lake waliombwa ruhusa damu yao itumike kwa utafiti huu?

Kikao kilisimamishwa. Swali lile lilizaa kesi iliyodumu miaka kadhaa, na hadi leo hutajwa kila panapofundishwa maadili ya utafiti.

Wahavasupai ni kabila dogo la watu wapatao 650. Kijiji chao, Supai, kimo ndani ya korongo kuu la Grand Canyon, ambako hakuna barabara ya gari. Mgeni huteremka kilomita 13 hivi kwa miguu au juu ya farasi, ama hupanda helikopta. Barua hubebwa na nyumbu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kisukari kiliwaandama vibaya. Hata vijana walikatwa miguu, na wengine walilazimika kuhama korongo wakasafishwe damu mjini. Mwaka 1989 walimwendea John Martin, mwanaanthropolojia aliyewafahamu kwa miaka mingi, naye akamshirikisha Therese Markow, mtaalamu wa jenetiki. Mwaka uliofuata damu ilianza kuchukuliwa.

Fomu ya ridhaa ilisema kwamba utafiti ungechunguza visababishi vya maradhi ya mwili na matatizo ya tabia. Maneno hayo yalikuwa mapana mno, tena yaliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wa watoa damu haikuwa ya kwanza. Wao walichoelezwa, na walichokitaka, ni kisukari.

Watafiti hawakuona kinasaba walichotarajia kingeeleza ugonjwa huo, lakini damu ilibaki kwenye majokofu. Ikatumika kuchunguza skizofrenia, kiwango cha watu kuzaa na ndugu zao wa damu, na njia ambazo mababu zao walipita kuhama kutoka Asia. Hili la mwisho liliwachoma sana, kwa kuwa Wahavasupai huamini kwamba asili yao ni korongoni humo humo, na kwamba wao ndio walinzi wake. Markow alijitetea kwamba fomu ilimruhusu. Kwa herufi za fomu, hoja yake ilikuwa na pa kushika. Lakini mgonjwa anayenyoosha mkono achomwe sindano huitikia yale aliyoambiwa ana kwa ana, na hapo ndipo utetezi huo unapoanguka.

Baraza la kabila likapiga marufuku watu wa chuo kukanyaga ardhi yao. Kesi zilifunguliwa 2004, zikatupwa, kisha mahakama ya rufaa ya Arizona ikazifufua 2008. Aprili 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 kwa watu 41 na kurudisha damu iliyosalia. Wawakilishi wa kabila walisafiri hadi Tempe, mji kilipo chuo hicho, kuichukua wenyewe.

Linalosumbua zaidi ni kwamba Marekani haikukosa kanuni. Utafiti wa Tuskegee, ulioanza 1932, uliwaacha wanaume weusi 399 wenye kaswende bila tiba, hata baada ya penisilini kupatikana, mpaka ulipofichuliwa 1972. Sheria ya kulinda watu katika utafiti ikapitishwa 1974, na Ripoti ya Belmont ikafuata 1979 na nguzo zake tatu: heshima kwa watu, wema na haki. Kufikia 1990 vyuo vilikuwa na kamati za maadili. Ila kamati hutazama zaidi mlangoni, wakati sampuli zinaingia. Mwanafunzi anayekuja miaka kumi baadaye hukabidhiwa damu iliyokwisha kuhifadhiwa, na msimamizi humhimiza aanze kazi. Watahini nao humbana kwa takwimu, mbinu na marejeo. Chanzo cha sampuli, jambo lililostahili swali la kwanza, huachwa lipite.

Kanuni za Marekani zilizorekebishwa 2017 sasa zinataka fomu iseme wazi kama sampuli, zikishaondolewa utambulisho, zinaweza kutumika katika tafiti nyingine bila kumrudia mtoaji. Huku kwetu mwanafunzi wa udaktari wa Muhimbili au Nairobi hupitia kamati ya maadili kabla ya kugusa mgonjwa. Ulinzi huo unahitajika vilevile kwa anayetumia sampuli za zamani: msimamizi na mtahini waitishe fomu ya awali, waisome katika lugha aliyosomewa mtoaji, na waone kwa macho yao kama swali la tasnifu limo.