Vijikaratasi vya Banbury Road

Ukitoka katikati ya mji wa Oxford ukashika Banbury Road kwenda kaskazini, utafika nyumba namba 78. Mbele yake kuna sanduku jekundu la posta, lililowekwa kwa ajili ya mtu mmoja. James Murray alihamia hapa mwaka 1885, na barua zake zilikuwa nyingi kupita kiasi. Bustanini alijenga banda la mabati, sehemu yake ikiwa ndani ya ardhi ili lisimzibie jirani mandhari. Banda lilikuwa na unyevu na baridi kali. Mzee alikaa kazini miguu yake ikiwa ndani ya kasha, kuikinga na upepo.

Kazi yenyewe ilikuwa kamusi kubwa ya Kiingereza, iliyoanza kufikiriwa London mwaka 1857. Watu wa kujitolea walisoma vitabu, wakanakili kila sentensi yenye neno lililowavutia kwenye kijikaratasi, kisha wakatuma. Murray alipokabidhiwa uhariri mwaka 1879, vijikaratasi vilimfikia kwa magunia, na ndani ya gunia moja panya alikuwa amezaa. Shehena nyingine ilikutwa kwenye banda la farasi huko Ireland, baadhi yake ikiwa imeshawashiwa moto.

Usidhani maneno mazito ya wasomi ndiyo yaliyomtoa jasho. Jina la ugonjwa au la mmea lina maana yake moja, unaliandika unaendelea na safari. Vineno vidogo ndivyo vilivyomkondesha. Mwaka 1884 alieleza taabu ya neno kama "above": mhariri hugawa vijikaratasi katika mafungu 20, 30, hata 40, huvitandaza mezani au sakafuni, kisha saa baada ya saa huvihamisha huku na huku kama kete za sataranji, akitafuta maana ipi ilizaa ipi. (Anayebisha ajaribu kulipanga "piga" letu: simu, pasi, kura, mbizi, soga.)

Murray alifariki mwaka 1915 kabla kazi haijaisha. Kamusi ilikamilika mwaka 1928 ikiwa na maneno 414,825. Kinara wa maana alikuwa "set". Katika toleo la pili la mwaka 1989, maelezo yake yalichukua takriban maneno 60,000, kiasi cha kutosha kitabu kizima.

Kisha "run" akampiku. Mhariri Peter Gilliver alishughulika na kitenzi hicho kwa miezi tisa hivi, na mwaka 2011 hesabu ikafika maana 645. Mchango wa mashine ni mkubwa hapo. Mwanzoni waliokimbia walikuwa watu, wanyama na maji ya mto. Baadaye treni, kinu, injini, kiwanda na programu ya kompyuta vyote vikapewa kitenzi kilekile, na mgombea anayewania kiti hakuachwa nyuma, wala pua yenye mafua.