Kitenge cha waksi: kazi ya mikono ao ya mashini?

Katika masoko ya Virunga mjini Goma na Kadutu mjini Bukavu, muuzaji wa vitenge husifu mali yake hivi: "Mama, hii ni waksi ya kweli!" Mnunuzi anakigeuza kitenge, anatazama kama rangi imepenya pande zote mbili, kisha mabishano ya bei yanaanza. Ni wachache wanaojua kwamba hiyo waksi ya kweli ilizaliwa kama mwigo wa mashini.

Asili yake ni batiki ya kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Huko wanawake walichora kitambaa kwa nta ya moto, wakitumia chombo kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba. Penye nta, rangi haikushika. Kitambaa kimoja kiliweza kuchukua majuma mengi. Katika karne ya 19 Waholanzi, waliotawala kisiwa hicho, wakaiga kazi ile kwa mashini ili wauze kwa bei ya chini. Vlisco, kiwanda kinachojulikana sana hapa Congo, kilianzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846. Lakini vitenge vya mashini vilipata wapenzi Afrika Magharibi kuliko Java, na kutoka huko vikaenea.

Wajava nao walibuni mhuri wa shaba wa kuchovya katika nta. Kazi ikaenda mbio. Hawakuficha tofauti: kilichochorwa kwa mkono kina jina lake, batik tulis, na cha mhuri kinaitwa batik cap. UNESCO iliitambua batiki ya Indonesia mwaka 2009.

Sasa swali hilo linamhusu fundi anayechora ua kwenye kompyuta, kisha mashini ya kudarizi inashona yenyewe. Kumwambia kwamba hakufanya kazi ni kumuonea. Hata cherehani ya kukanyaga kwa mguu, ambayo leo tunaihesabu kazi ya fundi, ni mashini.

Ubaya uko kwenye jina la uongo. Mama aliyekimbia vita akaacha cherehani yake nyumbani anabaki na sindano na uzi. Anadarizi kitambaa cha meza siku nyingi, mtoto mgongoni. Kando yake mwingine anatandaza vitambaa kumi vya mashini na kuviita vilevile "kazi ya mikono". Mpita njia anauliza bei, anachukua cha rahisi, na siku zote zile za mama zinapotea bure.

Kuvitambua si kazi ngumu. Mtu akigeuza kitambaa, kile cha mkono mara nyingi huonyesha mafundo na nyuzi zinazoruka huku na kule. Cha mashini kina uzi wa chini uliopangwa sawasawa, ua la kwanza hadi la mwisho.