Historia ya grinhausi: kutoka chupa ya daktari hadi ua wa mama Mukuru

Haya wasomaji, leo kompyuta zipumzike kidogo. Wiki iliyopita rafiki yangu tunayeandika naye programu aliniuliza ni pesa ngapi zinatosha kujenga grinhausi ndogo nyuma ya nyumba. Nilianza kumtajia vifaa, nikakwama. Mimi nimejenga tatu pale Mukuru kwa Njenga, kwenye ua wa mama yangu, na mbili za kwanza zilikufa. Ukosefu wa pesa haukuwa sababu. Nilinakili kitu nisichojua kilitoka wapi, kama vile mtu anavyonakili msimbo wa mwenzake bila kuusoma.

Kwa hiyo nitakupa historia kwanza, halafu bei.

Neno lenyewe kwanza. Vitabu vya shule hapa Kenya hukiita kivungulio, ndugu zetu wa Tanzania husema kitalu nyumba. Mtaani kwetu ni grinhausi tu, nami nitafuata mtaa.

KIOO KILIKUWA CHA WENYE NACHO

Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia kwamba Kaisari Tiberio, katika karne ya 1, alipenda matango mwaka mzima. Watumishi wake waliyapanda kwenye vitanda vyenye magurudumu, wakivitoa nje jua likiwaka na kuvirudisha ndani kukiwa na baridi, chini ya vipande vya jiwe linalopitisha mwanga. Yakumbuke hayo magurudumu, tutayarudia.

Huko Korea, mnamo mwaka 1450, tabibu wa ikulu aitwaye Jeon Soon-ui aliandika jinsi ya kujenga nyumba ya mboga ya kuta za udongo, sakafu inayopashwa moto kutoka chini, na madirisha ya karatasi iliyopakwa mafuta. Karatasi! Kioo hakikuwa cha lazima tangu zamani.

Lakini Ulaya ndiyo iliyosambaza umbo tunalolijua, na Ulaya ilitumia kioo. Kioo kilikuwa ghali, tena Uingereza ilikitoza ushuru tangu miaka ya 1740. Ushuru ulipofutwa mwaka 1845, bei ikashuka. Miaka 6 tu baadaye, 1851, mtunza bustani aitwaye Joseph Paxton alisimamisha London jumba la maonyesho, Crystal Palace, lenye vipande karibu 300,000 vya kioo. Ni grinhausi iliyokua ikawa jumba. Kwa hiyo bei ya ngozi ya nje ndiyo iliyoamua nani ajenge na nani atazame.

CHUPA YA DAKTARI WARD

Hapa ndipo hadithi inaponigusa mimi mtoto wa Mukuru. Mwaka 1829 kulikuwa na daktari London, Nathaniel Ward, aliyekaa Wellclose Square, mashariki mwa jiji karibu na bandari. Alipenda mimea lakini moshi wa viwanda uliiua yote. Siku moja aliweka buu la nondo kwenye chupa yenye udongo mbichi akaifunga, akitaka kumwona nondo akitoka. Baada ya muda akaona jani la jimbi na nyasi vinachipua humo ndani, wakati majimbi yake ya nje yalikuwa yanakufa. Maji yalipanda kama mvuke, yakagusa kioo, yakarudi udongoni.

Mtu anayeishi jirani na viwanda, hewa chafu, eneo dogo, mimea inakufa. Ni mtaa gani huo? Mukuru kwa Njenga iko ubavuni mwa Industrial Area ya Nairobi, na wengi walifika hapo kufuata kazi za viwandani. Ningekutana na habari za Ward kabla ya kununua msumari wa kwanza, ningeokoa miaka miwili.

Ward alitengeneza masanduku ya kioo kwa wazo hilo hilo. Mwaka 1833 masanduku mawili yalisafirishwa kwa meli hadi Sydney, na mimea ikafika hai. Baada ya hapo yalitumika kubebea mali ya dunia. Kati ya 1848 na 1851 Robert Fortune aliyatumia kuhamisha miche ya chai kutoka China hadi India, kwa siri na kwa faida ya Waingereza. Tusisahau upande huo, tekinolojia haina dini. Lakini ona jambo moja: grinhausi ya Ward ILIBEBEKA.

NAILONI INAINGIA

Machi 1933, kwenye maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, jaribio la gesi chini ya kani kubwa lilienda vibaya, wakakuta vumbi jeupe kama nta. Hiyo ndiyo polithini, ambayo sisi mtaani tunaiita nailoni. Mwaka 1948, profesa Emery Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, aliyetaka grinhausi lakini hakumudu kioo, alijenga ya fremu za mbao na kuifunika kwa plastiki nyembamba. Grinhausi za plastiki unazoziona leo ni wajukuu wa uhaba wake wa pesa.

Wengine watauliza: plastiki inawezaje kufanya kazi ya kioo? Shuleni tulifundishwa kwamba kioo huruhusu mwanga uingie na kuzuia joto lisitoke. Mwaka 1909 mwanafizikia Robert Wood alijaribu visanduku viwili, kimoja kimefunikwa kwa kioo na kingine kwa chumvi ya mwamba, ambayo hupitisha mnururisho wa joto bila kuuzuia. Joto likawa karibu sawa! Kazi kubwa ya kifuniko ni kuzuia hewa ya moto isipae na kuondoka. Hilo hata nailoni inaweza. Ila usiku nailoni huachia joto upesi kuliko kioo.

KUTOKA NAIVASHA HADI MTAANI

Kenya, kilimo cha maua kwa ajili ya Ulaya kilianza kwa kampuni ya Kidenmark karibu na Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1960, na shamba la Oserian likaingia mwaka 1982. Oserian walikuja kutumia joto la visima vya mvuke wa ardhini kupasha grinhausi zao usiku. Na sababu kubwa ilikuwa kukausha unyevu ili ukungu usishike majani.

Hilo lilinifungua macho. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, lakini hatuna barafu. Adui wa nyanya zetu ni mvua kukaa juu ya majani na kuleta baka. Kwetu grinhausi ni MWAVULI kwanza, jiko baadaye.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Amiran ikaanza kuuza vifurushi kwa wakulima wadogo: grinhausi, mabomba ya matone, mbegu na dawa pamoja. Kifurushi kilichojulikana sana kilikuwa cha mita 8 kwa 15. Hiyo ni mita za mraba 120. Sasa piga hesabu nami. Chumba cha kawaida Mukuru ni futi 10 kwa 10, yaani kama mita za mraba 9.3. Grinhausi ya mkulima "mdogo" inakula vyumba 13! Mukuru yote, yaani kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, ina kaya zaidi ya 100,000. Nailoni imekuwa rahisi, sawa, lakini ua uko wapi?

TOLEO LA 1 NA LA 2

Mwaka 2019 nilijenga toleo la kwanza kwenye kona ya ploti ya mama. Nilifuata mchoro wa Mzungu mmoja wa nchi ya baridi, nikaziba kila upenyo. Nilitumia nailoni ya mjengo kwa sababu ni bei nafuu. Kufikia saa sita mchana humo ndani ungeweza kuchemsha chai. Maua ya nyanya yalidondoka yote, maana nyanya hushindwa kushika tunda joto likipita kama nyuzi 35. Nailoni nayo ililiwa na jua, ikapasuka kabla mwaka haujaisha. Kosa halikuwa la mchoro. Mchoro ulikuwa na mipangilio ya kwao, mimi ndiye sikuibadilisha.

Toleo la pili, 2020, lilikuwa zuri. Pande zilikuwa neti, juu nailoni yenye kinga ya jua, nyanya zilijaa. Nilifurahi hadi nikachimbia nguzo kwa simiti. Mama alinitazama akasema, "Kijana wangu, hii nyumba yako ina mizizi kuliko nyanya zenyewe."

Oktoba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha upanuzi wa barabara. Maelfu ya watu walilala nje. Ploti yetu ilikuwa kwenye mstari. Mama aliokoa godoro, jiko, masufuria, picha ya marehemu baba. Nilipofika kutoka kazini nilimkuta ameketi juu ya ndoo, na miche minne ya nyanya mapajani, ameing'oa na udongo wake. Nguzo zangu za simiti zilikuwa zimelala chini pamoja na kuta za watu.

Siku hiyo nilielewa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu na makampuni binafsi miaka ya 1980, huku wakaaji wakiwa ni wengine. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kutambua kilimo cha mjini, na 2017 Mukuru ikatangazwa eneo la mpango maalum. Ni hatua, sikatai. Lakini sheria ya kulima haikupi pa kulimia. Grinhausi ya Mukuru inapaswa kujengwa na mtu anayejua anaweza kuhama kesho.

TOLEO LA 3: SANDUKU LA WARD LINARUDI

Mama alipata chumba upande wa Vietnam, chenye kijia cha nyuma. Mwaka 2022 nilijenga ya tatu, mita 1.2 kwa 2.4, urefu wa mtu. Haina msumari hata mmoja kwenye viungo, ni bolti tu, na wala haijachimbiwa. Uzito wa ndoo ndio unaoishika chini. Gharama zangu za mwaka ule kwa shilingi:

- Nailoni yenye kinga ya jua, kipande kilichobaki kwa muuzaji: 1,800
- Paipu 4 za plastiki za kupinda tao: 1,000
- Neti ya wadudu kwa pande zote: 900
- Mbao za paleti 2: 600
- Bolti na nati: 450
- Ndoo 12 za rangi zilizotumika: 720
- Bomba la matone na viungo vyake: 500

Jumla 5,970. Fundi ni mimi na jirani anayetengeneza vitanda, tulimlipa kwa nyanya.

Mambo matatu usiyabanie. Nailoni: nunua yenye kinga ya jua, ile ya mjengo ni hasara. Neti: tangu kanitangaze wa nyanya, Tuta absoluta, alipoingia Kenya mwaka 2014, kuacha pande wazi ni kumkaribisha mgeni asiyeondoka. Udongo: tumia ndoo, kila mche na wake. Ugonjwa wa mnyauko unaishi udongoni, na ukiingia kwenye tuta la pamoja umemaliza wote. Ndoo ikiugua unaitoa peke yake. Isitoshe, mimi siuamini udongo wa kando ya viwanda kwa chakula.

Maji ndiyo gharama isiyokwisha. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, hiyo ni shilingi 250 kwa mita ujazo, na ukame ukija mtungi hupanda. Mabomba ya matone yaliwekwa sokoni na Simcha Blass na kampuni ya Netafim huko Israeli mwaka 1965, na nakuambia yule mzee angependa Mukuru. Mtungi mmoja juu ya kiti cha mita 1 unateremka wenyewe. Miche 12, lita moja na nusu kila mmoja, lita 18 kwa siku. Mtungi mmoja, basi.

Tumetajirika? HAPANA. Mama hununua nyanya mara chache, na zinazozidi anawauzia majirani mlangoni. Lakini mwaka jana mwenye ploti alipotaka kile kijia ajenge choo, tulifungua bolti saa mbili asubuhi. Saa nne grinhausi ilikuwa imesimama upande wa pili wa ploti, na hakuna ua lililodondoka. Mama alizunguka mara mbili akikagua, akasema, "Sasa hii imejifunza."

Nimemjibu rafiki yangu hivi: anza kwa kuuliza utakaa hapo kwa muda gani. Ukishajua hilo, nunua nailoni. Tiberio alikuwa na magurudumu ingawa dunia nzima ilikuwa yake, sembuse sisi.

Tukutane tena wiki ijayo, tutarudi kwenye mambo ya hifadhidata.